Dúchas.ie: Ndege wa Ayalandi katika Madaftari ya Watoto wa Shule

Kila mwaka inapofika Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya huanza kujipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya shule ninayofundisha fasihi hapa Tanga, na kila mwaka wanafunzi huniuliza maswali mawili: ndege hawa wanatoka wapi, na watu wa huko wanasema nini juu yao. Swali la kwanza hujibiwa na mwalimu wa biolojia. La pili lilikuwa langu, nami kwa muda mrefu sikuwa na jibu la kuaminika, mpaka nilipoanza kusoma dúchas.ie, hazina ya simulizi za Waayalandi iliyowekwa kwenye intaneti bila malipo. Nimeitumia kwa miezi minne, karibu kila jioni, nikifuata jambo moja tu, yaani imani za watu wa kawaida wa Ayalandi kuhusu ndege wa porini. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu, watafiti na wapenzi wa fasihi simulizi wanaosoma Kiswahili, kwa sababu naamini kwamba huduma hii inastahili kujulikana kwetu kuliko inavyojulikana sasa.

Dúchas ni neno la Kiayalandi linalobeba maana ya urithi na asili ya mtu kwa pamoja. Huduma yenyewe inatokana na hazina ya taifa ya simulizi inayotunzwa na University College Dublin, na imejengwa kwa ushirikiano na Dublin City University pamoja na wizara ya serikali inayohusika na utamaduni. Sehemu yake iliyonivutia zaidi ni Mkusanyiko wa Shule. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Tume ya Simulizi za Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1935 chini ya uongozi wa Séamus Ó Duilearga, ilishirikiana na wizara ya elimu na chama cha walimu kuwatuma watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi kwa wazazi, babu, bibi na majirani zao, wakaulize na kuandika walichoambiwa. Kazi hiyo ilifanyika badala ya insha ya kawaida ya kila wiki. Shule zipatazo 5,000 kutoka kaunti 26 zilishiriki, na matokeo yake ni kurasa zinazokadiriwa kufikia 740,000, ambapo takribani 451,000 zimo katika majuzuu yaliyojalidiwa na 288,000 zimo katika madaftari yenyewe ya watoto. Walimu walipewa kijitabu cha mwongozo chenye mada 55, kilichotayarishwa na mtunza nyaraka wa Tume, Seán Ó Súilleabháin, na mojawapo ya mada hizo ilikuwa simulizi za ndege. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mkusanyiko wa Tume hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mtu anaweza kuingia kwa njia ya kaunti na shule, kwa njia ya mada, au kwa kuandika neno analolitafuta. Mimi nilianza kwa mada, nikapata wingi ulionitisha, kisha nikabadili njia: nikachagua kaunti moja, nikasoma shule baada ya shule. Njia hii ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inamfundisha msomaji kusikia sauti ya mahali. Ukurasa unafunguka kama picha ya karatasi yenyewe. Unaona mistari ya daftari, wino uliokolea pale mtoto alipochovya kalamu upya na kufifia anapokaribia kuchovya tena, herufi kubwa zilizopambwa kwa bidii mwanzoni na kuachwa bila mapambo kadiri mkono unavyochoka. Pembeni yake pana nakala iliyochapwa. Pale mtoto alipofuata maelekezo, mwishoni mwa ukurasa unakuta jina lake, kijiji chake, na jina la mzee aliyemsimulia, mara nyingine pamoja na umri wa mzee huyo. Hilo la mwisho ndilo linaloufanya mkusanyiko huu uwe na thamani kubwa kwa mtu wa fasihi simulizi, kwani imani haielei hewani bila mwenyewe. Ina mdomo ulioitamka, na mdomo huo una nyumba na kijiji.

Niliyoyakuta kuhusu mbayuwayu, ambaye kwa Kiayalandi huitwa fáinleog, yalinishangaza kwa kupingana kwake. Kwa upande mmoja, kiota cha mbayuwayu chini ya paa la zizi ni baraka, na mtoto anaonywa kwamba akikibomoa, ng'ombe watatoa maziwa yenye damu. Kwa upande mwingine, ipo imani ya zamani nchini humo inayomwita ndege huyohuyo ndege wa shetani, na inayosema kwamba kila mtu ana unywele mmoja kichwani ambao mbayuwayu akifaulu kuunyofoa, mtu huyo amekwisha kuangamia. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari ya maziwa yenye damu, mmoja wao alisema kwamba bibi yake pia hukataza kubomoa viota vya mbayuwayu, ingawa hakutaja sababu. Sitaki kudai kwamba imani hizi mbili zina chimbuko moja. Ila katika jamii ya wafugaji wadogo wa Ayalandi, ambako siagi na maziwa ndivyo vilivyolipa kodi ya shamba, onyo la damu katika maziwa liligusa riziki ya nyumba nzima, na ni rahisi kuelewa kwa nini mtoto aliyelisikia aliacha viota kama vilivyo.

Wapo pia waliokuwa wakiamini kwamba mbayuwayu haendi popote wakati wa baridi, bali hujificha katika matope chini ya maji mpaka majira ya joto yarudi. Imani hiyo haikuwa ya Waayalandi peke yao. Ilienea sehemu nyingi za Ulaya, na hata wataalamu waliishikilia kwa karne nyingi. Ushahidi wa wazi wa safari yao ulipatikana pale mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alipokamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Mbayuwayu wa Ayalandi nao huelekea zaidi kusini mwa Afrika, kwa hiyo siwezi kuwaambia wanafunzi kwamba hawa wanaotua kwenye nyaya zetu ndio waliozaliwa katika mazizi ya kaunti za Mayo au Kerry. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba watoto wa 1937 waliandika juu ya ndege aina ileile.

Ndege ambaye kweli anaunganisha nchi ile na pande zetu ni traonach. Huyu ni ndege wa kujificha katika nyasi ndefu, wa jamii ya kukuziwa, mwenye rangi ya majani makavu na sauti ya kukwaruza inayorudiwa usiku kucha, kana kwamba mtu anapitisha kucha juu ya meno ya kitana. Huzaliana Ulaya majira ya joto, kisha huvuka mpaka mashariki na kusini-mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, ambako hukaa kimya katika mbuga za nyasi na wachache sana humtambua. Waayalandi wa zamani, kwa kuwa hawakumwona akiondoka, walisema kwamba wakati wa baridi hugeuka kuwa kukuziwa. Walisema pia kwamba usiku hulala chali, miguu ikiwa imeelekezwa juu, akiamini kwamba yeye ndiye anayeizuia mbingu isianguke, na kwamba mlio wake ni maneno ya Kiayalandi, tréan le tréan, yaani nguvu kwa nguvu. Nilisoma habari hiyo usiku, mvua ikinyesha, nikaisoma tena kwa sauti ili nisikie jinsi maneno yale yanavyokwaruza kooni sawasawa na ndege mwenyewe.

Kuna huzuni katika kusoma kurasa za traonach. Mtoto wa mwaka 1938 anamtaja kwa kupita, katika orodha ya ndege wa kawaida wa eneo lake, kama sisi tunavyomtaja shorewanda. Leo, baada ya mashine za kukata nyasi kuingia na nyasi kuanza kukatwa mapema kwa ajili ya kuhifadhi malisho mabichi, kabla vifaranga hawajaweza kukimbia, traonach amebaki kwa uchache mno, hasa pembezoni mwa magharibi katika kaunti za Donegal, Mayo na Galway na kwenye visiwa vyake. Sululu naye, ambaye mlio wake ulichukuliwa kuwa dalili ya mvua, amepungua kutoka maelfu ya jozi za kuzaliana katika miaka ya 1980 hadi takribani jozi 100 tu. Dúchas.ie haikujengwa kuwa takwimu ya ndege, lakini ukiisoma kaunti kwa kaunti inakuonyesha ni wapi ndege fulani alikuwa jirani wa kila siku, na hilo ni jambo ambalo sikulitarajia katika hazina ya ngano.

Kekeo wa Ulaya, cuach kwa Kiayalandi, ana sehemu yake kubwa. Anayemsikia kwa mara ya kwanza katika mwaka anapaswa kujua ni sikio gani lililopokea sauti: la kulia ni heri, la kushoto ni nuksi. Wengine wanasema ukimsikia, tazama chini ya mguu wako. Ukiona unywele hapo, rangi yake ndiyo rangi ya nywele za utakayefunga naye ndoa. Ndege huyu huja mwezi Aprili, na kipindi cha baridi kali na upepo kinachoangukia mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kimepewa jina lake, garbhshíon na gcuach, maana yake hali mbaya ya hewa ya kekeo. Vifaa vya satelaiti walivyofungwa kekeo wa Uingereza tangu mwaka 2011 vimeonyesha kwamba wengi wao hupitisha miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Kwa hiyo sauti inayongojwa kwa hamu na hofu katika vijiji vya Ulaya ya magharibi ni ya ndege ambaye amekaa miezi kadhaa, bila kuita, kwa wasomaji wetu wa Kongo.

Lakini ikiwa mtu ana jioni moja tu ya kuitumia huduma hii, asome kurasa za dreoilín. Ni ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia uliosimama, uzito wake gramu 10 hivi, na ndiye mfalme wa ndege wote. Hadithi ya ufalme wake inajulikana katika nchi nyingi, na wanafunzi wa Ayalandi wameiandika mara nyingi mno: ndege walikubaliana kwamba atakayeruka juu zaidi atatawala, tai akawashinda wote, akapanda mpaka mabawa yakamwishia nguvu, ndipo dreoilín, aliyekuwa amejificha ndani ya manyoya ya mgongo wake, akachomoka na kupanda kidogo tena. Raha ya mkusanyiko huu ni kwamba huisomi hadithi hiyo mara moja, unaisoma mara ishirini, na kila mara mwisho unabadilika. Kuna pale ambapo ndege wote wanamkubali kwa shingo upande. Kuna pale ambapo tai kwa hasira anampiga kwa bawa, na tangu siku hiyo dreoilín hawezi kuruka juu kuliko ua wa miti ya shambani. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwafafanulia wanafunzi kwamba hadithi simulizi haina toleo moja sahihi atapata hapa mfano wa wazi kuliko wowote niliowahi kuutumia.

Mfalme huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwindwa. Tarehe 26 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, ambayo kwa Kiayalandi huitwa pia Lá an Dreoilín, wavulana walimsaka katika vichaka, wakamfunga juu ya tawi la kijani lililopambwa kwa utepe, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa wamevaa majani makavu na vinyago, wakiimba na kuomba senti za kumzikia. Sababu zinazotolewa ni za usaliti. Wengine wanasema ndege huyo alifichua maficho ya Mtakatifu Stefano. Wengine wanasema askari wa Ayalandi walikuwa wakiwanyemelea adui zao usiku, dreoilín akatua juu ya ngoma akidonoa makombo, mdundo ukawaamsha walinzi. Na adui hao ni Waviking katika simulizi fulani, wanajeshi wa Cromwell, jemadari Mwingereza aliyeivamia Ayalandi karne ya 17, katika nyingine, ingawa kati ya vita hivyo pana karne nyingi. Zaidi ya hapo, katika faharasa ya kale ya Kiayalandi jina lake lilifasiriwa kuwa ndege wa makuhani wa dini iliyotangulia Ukristo, na wapo wanaoona katika uwindaji ule mabaki ya ugomvi wa dini mbili. Tafsiri hiyo inavutia, lakini madaftari ya watoto hayaitaji. Wao wanaeleza nani alivaa nini, nyumba ipi ilitoa pesa, na jioni ilimalizika kwa ngoma gani. Ninawaamini zaidi kwa sababu hiyo. Desturi yenyewe ingali hai, hasa katika mji wa Dingle, Kerry, ila siku hizi ndege anayebebwa ni wa bandia.

Spideog, yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu, hana sikukuu, lakini analindwa kuliko wote. Kifua chake kilipata rangi, wanasimulia, alipojaribu kuchomoa mwiba katika taji la Yesu msalabani na damu ikamdondokea. Anayemuua ataota uvimbe katika mkono wa kulia, hata ashindwe kufanya kazi na kucheza hurling, mchezo wa magongo unaopendwa mno nchini humo. Nimelipenda hilo la hurling. Mzee anayemwonya mvulana wa miaka 12 anajua kwamba habari ya kifo iko mbali naye, lakini habari ya kukosa mchezo wa Jumapili anaielewa mara moja. Hata hivyo ndege huyohuyo akiingia ndani ya nyumba, baadhi ya kaunti husema ni uchuro wa msiba, na nyingine husema ni theluji tu inakuja.

Hapa ndipo nilipokumbuka kwamba Kiswahili chetu cha pwani hutumia neno ndege kwa maana mbili, kiumbe na dalili, na wazee bado husema "ndege njema" au "ndege mbaya" kwa jambo lililoonekana mwanzoni mwa safari. Mwayalandi hahitaji kuelezwa sana ili aelewe usemi huo. Lugha yake ina maneno fios fiaigh, yaani maarifa ya kunguru mkubwa mweusi, kwa kujua yaliyofichika.

Nieleze pia kwa nini ninasisitiza chanzo. Kabla ya kuifahamu huduma hii nilikuwa nimetegemea tovuti moja, ambayo sitaitaja, iliyojaa orodha za imani zinazoitwa za kale za Waayalandi, bila mahali, bila mwaka, bila msimulizi. Nilichukua huko habari ya snag breac, kunguru mwenye mkia mrefu na mabaka meusi na meupe, kwamba kumwona mmoja ni huzuni na kuwaona wawili ni furaha, na kwamba hiyo ni imani ya maelfu ya miaka nchini Ayalandi. Nikaifundisha hivyo darasani. Baadaye nikajifunza kwamba ndege huyo hakuwapo Ayalandi mpaka karne ya 17. Kundi la kwanza lililoandikwa lilifika Wexford mnamo mwaka 1676, na maneno ya kuwahesabu yaliandikwa kwanza Uingereza katika karne ya 18. Imani ipo kweli, na madaftari ya shule yameijaa, lakini ni mgeni aliyehamia, kama ndege mwenyewe. Nililazimika kurudi darasani na kusahihisha, na tangu hapo sichukui imani yoyote isiyokuwa na ukurasa nyuma yake.

Dúchas.ie yenyewe inadai uangalifu wa msomaji. Jambo la kwanza ni majina. Mtoto anapoandika kwa Kiingereza kuhusu korongo, mara nyingi anamaanisha ndege mwingine mwenye shingo ndefu anayevua samaki peke yake ukingoni mwa mto, kwa kuwa korongo wa kweli alikwisha kutoweka katika kuzaliana nchini humo zaidi ya karne mbili kabla ya madaftari kuandikwa, na jina lake likarithiwa na jirani. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo korongo wameanza tena kuzaliana katika nyanda za matope za katikati ya nchi. Sisi tunaotumia neno korongo kwa ndege watatu au wanne wa miguu mirefu hatuna haki ya kuwalaumu, ila tunapaswa kukumbuka jambo hilo tunaposoma ngano kama ile ya mfuko wa ngozi ya korongo aliokuwa nao Manannán, mungu wa bahari.

Jambo la pili ni lugha. Tovuti inapatikana kwa Kiingereza na Kiayalandi, na kurasa nyingi za magharibi ni za Kiayalandi kilichoandikwa kwa hati ya zamani, ambayo hata anayejua herufi za Kilatini vizuri atahitaji muda kuizoea. Asiyejua Kiayalandi atasoma sehemu kubwa, lakini atakosa maeneo yaleyale ambako simulizi zilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Jambo la tatu ni mipaka: kaunti sita za kaskazini zilizo chini ya Uingereza hazimo katika Mkusanyiko wa Shule. Na la nne ni kwamba walioandika walikuwa watoto, chini ya macho ya mwalimu, katika nchi ya Kikatoliki iliyokuwa imejitawala kwa miaka 15 tu. Simulizi za Yesu na watakatifu zimepata nafasi pana. Mtakatifu Kevin wa Glendalough, aliyeacha mkono wake umenyooka mpaka ndege aliyetaga kiganjani alipoangua vifaranga, yuko katika mazingira yake kabisa. Mambo mazito zaidi, kama Morrígan, mungu wa vita aliyetua katika umbo la kunguru juu ya bega la shujaa Cú Chulainn alipokufa amesimama, yanahitaji kusomwa katika miswada ya kale. Ndivyo ilivyo pia kwa watoto wa Lir, waliogeuzwa kuwa batamaji kwa miaka 900: 300 katika ziwa la Derravaragh, 300 katika bahari iliyo kati ya Ayalandi na Uskoti, na 300 huko Inishglora. Anayetafuta utenzi na ustadi wa waandishi wa kale asianze hapa.

Nakala zilizochapwa pembeni mwa picha ni kazi ya watu wa kujitolea, wanaoitwa kwa pamoja meitheal, neno la kijijini la majirani wanaokusanyika kuvuna shamba la mmoja wao na kesho la mwingine. Ni msaragambo hasa. Mtu yeyote anaweza kujiunga na kunakili ukurasa. Kwa kuwa ni kazi ya mikono mingi, ninashauri kila anayetaka kunukuu aangalie kwanza picha ya mwandiko. Mara mbili niliona kwamba jina la ndege nililolidhania geni lilikuwa herufi moja iliyosomwa vibaya, na mara mbili hizo picha ilikuwa palepale kunionyesha. Kwa watumiaji wa simu niongeze kwamba kurasa ni picha, kwa hiyo hula kifurushi cha intaneti haraka kuliko maandishi matupu, nami hufungua kurasa kadhaa nikiwa shuleni, kisha nasoma nyumbani.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kinachonirudisha kwenye kurasa hizi, na jibu langu ni kwamba zinaonyesha imani ikiwa kazini. Orodha za mitandaoni huonyesha imani kama mapambo, kitu cha kuchekesha kilichoaminiwa na watu wa kale. Katika daftari la mtoto, katazo la kugusa kiota linakaa mstari mmoja baada ya maelezo ya kiota kilipo, rangi ya mayai, idadi yake na mwezi yanapoanguliwa. Mtoto huyo alijua mahali pa kiota kwa hatua, na ndiyo maana alihitaji kuonywa. Dalili za mvua nazo zimekaa karibu na kazi ya kukausha nyasi: mbayuwayu akiruka chini, shakwe akionekana mbali na pwani, sululu akilia jioni, baba anaamua kama nyasi zikatwe kesho au zingoje. Mbayuwayu kweli huruka chini pale wadudu anaowawinda wanaposhuka, kwa hiyo baadhi ya dalili hizo zilikuwa na akili ndani yake, na aliyezitumia alikuwa mkulima anayehesabu hasara.

Kwa mwalimu wa fasihi simulizi wa sekondari au chuo, kwa mtafiti wa mila zinazohusu wanyama, na kwa yeyote anayefikiria namna ya kukusanya simulizi za kwao kabla wazee hawajaondoka, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Kwa anayetaka majibu ya haraka kuhusu ndege mmoja katika dakika tano, itamchosha. Ni afadhali atafute kitabu kimoja kilichohaririwa. Asiyesoma Kiingereza hataweza kuitumia peke yake, na hilo linanisikitisha, kwani mabibi wengi wa pwani wangekuwa na mengi ya kuwajibu mabibi wa Kerry.

Sisi tumeanza. Muhula huu nimegawa madaftari kwa kidato cha pili, nikawapa maelekezo machache niliyoyaazima kwa watu wa 1937: muulize mzee mmoja juu ya ndege mmoja, andika alivyosema bila kupamba, na chini ya ukurasa weka jina lake, umri wake na kijiji chake. Zimerudi kurasa 41. Dudumizi, ambaye karibu kila mzee anamtaja kuwa mpiga mbiu wa mvua, amechukua 13 kati ya hizo, na hakuna mbili zinazokubaliana kuhusu alivyopata kazi hiyo. Mwanafunzi mmoja aliandika ukurasa mzima, kisha akakata mstari wa mwisho kwa wino, na juu yake akaandika kwamba bibi amebadili kauli, ataulizwa tena Jumamosi.